Fanki adimu za dunia: jinsi ya kuzisaka, kuzitambua na kuzihakiki

Katika miji ya Cartagena na Barranquilla, pwani ya Kolombia, wenye picó, yaani mitambo mikubwa ya muziki wa mitaani, walikuwa na desturi yao. Santuri ikiingia kutoka Kongo, Nigeria au Ghana, karatasi ya katikati ilikwanguliwa mpaka maandishi yote yatoweke, kisha wimbo ukabatizwa jina la kienyeji. Mpinzani angesikia umati ukishangilia, asijue aanzie wapi kuutafuta. Kaskazini mwa Uingereza, madijei wa Northern Soul, yaani kilabu za kucheza soul ya Marekani isiyojulikana, walibandika karatasi juu ya jina halisi na kumtangaza mwimbaji ambaye hakuwahi kuwepo. Huko Bronx, New York, dijei Kool Herc, ambaye sherehe yake ya tarehe 11 Agosti 1973 huhesabiwa kuwa chimbuko la hip hop, aliloweka santuri zake majini ili karatasi zibanduke.

Hila hiyo inaueleza uadimu vizuri kuliko bei yoyote ya mnada. Nyimbo zenyewe hazikupotea. Zilipigwa hadharani, kwa sauti kubwa, kila mwisho wa wiki. Kilichofichwa ni taarifa: nani aliimba, nani alipiga besi, studio ipi, kampuni ipi, mwaka gani. Na penye taarifa zilizokatika bila mtu kukusudia, kwa vita, kwa umaskini wa kampuni au kwa kanda kufutwa, matokeo ni yale yale. Kwa hiyo msakaji wa fanki adimu anafanya kazi ya kuunganisha upya taarifa hizo. Masikio mazuri yanamsaidia kuchagua, lakini kinachomfikisha ni karatasi, namba na majina.

Sababu ya uadimu ndiyo dira

Fanki ilipata umbo lake mikononi mwa mwimbaji wa Marekani James Brown na bendi yake kati ya 1965 na 1967, pale gitaa, tarumbeta na hata sauti ya mwimbaji vilipogeuzwa kuwa ngoma, na uzito wote ukaangukia pigo la kwanza. Alizuru Nigeria mwaka 1970, na Septemba 1974 akapanda jukwaani Kinshasa. Lakini santuri zake zilikuwa zimemtangulia. Cotonou, Addis Ababa, Rio de Janeiro, Nairobi na Bangkok, bendi zilizokuwa na midundo yao tangu zamani zilichukua mfumo huo na kuufinyanga upya. Ndiyo maana fanki ya Benin haifanani na ya Ethiopia ingawa zina babu mmoja.

Kwa nini basi nyingi hazipatikani? Sababu ni tofauti, na kila sababu ina njia yake ya kusaka. Wengi hukosea hapa: wanatumia njia moja kwa kila kitu.

Kuna santuri zilizofyatuliwa chache tangu mwanzo. Nchini Uingereza, kabla ya VAT kuingia mwaka 1973, santuri za watu binafsi zilizofyatuliwa nakala 99 au pungufu zilikwepa kodi ya mauzo, kwa hiyo bendi na shule nyingi ziliishia kwenye idadi hiyo hasa. Marekani, mwalimu Conrad O. Johnson wa shule ya sekondari ya Kashmere, Houston, aliongoza bendi ya wanafunzi iliyotoa santuri zake yenyewe. Rekodi zao za 1968 hadi 1974 zilikuja kukusanywa na kutolewa upya na kampuni ya Now-Again mwaka 2006. Santuri za aina hii hazikuwahi kusafiri. Zinabaki karibu na mahali zilipozaliwa: kwa waliosoma pale, makanisani, kwenye mitumba ya mji ule ule. Kuzitafuta kwenye mnada wa kimataifa ni kumsubiri mtu mwingine akazitoe huko kisha alipwe kwa usumbufu wake.

Kuna muziki uliotengenezwa bila nia ya kuuzwa madukani kabisa. Kampuni kama KPM na De Wolfe za London zilirekodi nyimbo za kuwekwa chini ya picha za televisheni na filamu. Wapigaji walikuwa wataalamu wa studio, muda wa kila kipande umeandikwa kwa sekunde, na kwenye jalada kuna maelezo mafupi ya matumizi: wimbo wa mbio za magari, wimbo wa mji usiku. Humo mna fanki kali isiyo na mwimbaji. Santuri hizi hutoka pale kituo cha redio au televisheni kinaposafisha maktaba yake.

Kuna muziki ulioishi redioni. Bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio, na santuri zilizotoka zilifyatuliwa Nairobi. Kwa hiyo wimbo ambao wazee wanauimba neno kwa neno unaweza usiwe na santuri hata moja. Anayetafuta santuri ya wimbo wa namna hiyo anatafuta kitu ambacho hakikutengenezwa; alitakiwa kutafuta kanda.

Halafu kuna vita na dola. Nchini Kambodia utawala wa Khmer Rouge, 1975 hadi 1979, uliwaangamiza wanamuziki pamoja na kazi zao, na kilichobaki ni nakala zilizofichwa au kuvushwa mpaka. Mwaka 1988, Hargeisa ilipokuwa ikielekea kushambuliwa kwa mabomu, watu wa redio walizifukia kanda ardhini ili zisalimike. Leo taasisi ya Redsea katika mji huo inahifadhi maelfu ya kaseti za muziki wa Kisomali, na kutoka kwenye hazina hiyo kampuni ya Ostinato ilitoa mkusanyiko wake wa mwaka 2017. Ethiopia, kampuni ya Amha Records iliyoanzishwa 1969 ilinyamaza baada ya mapinduzi ya 1974, mwenye kampuni akaenda kuishi Marekani. Mfululizo wa matoleo mapya uitwao Éthiopiques ndio ulioirudisha masikioni mwa dunia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Muziki wa namna hii hupatikana mara nyingi nje ya nchi yake, kwa waliohama. Toronto, Paris, London na Washington zina kaseti ambazo miji zilikorekodiwa haina tena.

Mwisho ni kaseti yenyewe. Kuanzia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Afrika na Asia iliacha santuri, na soko la wakusanyaji likazipa kaseti mgongo kwa miaka mingi. Ata Kak wa Ghana alitoa kaseti mwaka 1994. Ilisambaa kupitia intaneti tangu 2006, ikatolewa upya rasmi 2015. Ukitafuta santuri tu, miongo miwili mizima ya muziki wa kuchezeka inakupita pembeni.

Algoriti inaishia wapi

Programu za kusikiliza muziki hupendekeza nyimbo kwa kulinganisha wasikilizaji: waliosikiliza huu walisikiliza na ule. Wimbo wenye wasikilizaji 40 hauna cha kulinganishwa nacho, kwa hiyo haupendekezwi, kwa hiyo haupati wasikilizaji. Isitoshe, tarehe inayoonyeshwa huwa ni ya toleo la kidijitali. Wimbo wa 1973 uliotolewa upya 2011 unaandikwa 2011, na ukichuja kwa mwaka hauonekani. Namba ya utambulisho wa rekodi, ISRC, ilianza 1986. Rekodi za kabla ya hapo zilipewa namba baadaye na yeyote aliyezipakia, mara nyingine wawili tofauti kwa rekodi moja.

Programu hizo zina faida yake: kusikiliza kwa wingi ulichokwisha kukijua jina. Kwa kugundua, bora Radiooooo, ambayo unachagua nchi kwenye ramani na mwongo wa miaka, au vipindi vya redio za intaneti kama NTS, ambavyo huandika orodha ya nyimbo. Orodha ndiyo mali. Kipindi kizuri kisicho na orodha ni starehe tu.

Jina moja huvuta jingine

Njia inayofanya kazi huanzia kwenye mkusanyiko mmoja wa nyimbo uliotengenezwa na watu makini. Soundway ya Uingereza ilianza 2002 na muziki wa Ghana; Analog Africa ya Ujerumani ilitoa African Scream Contest mwaka 2008 kwa muziki wa Benin na Togo; Habibi Funk ya Berlin hushughulika na nchi za Kiarabu; Numero Group ya Chicago huchimba kampuni ndogondogo za Marekani. Ukiwa nao, sikiliza mara mbili, chagua nyimbo tatu zilizokushika, kisha kwa kila wimbo andika mambo saba: bendi, mtunzi, mpangaji muziki (anayeamua kila chombo kipige nini), mtayarishaji, kampuni, namba ya katalogi na mwaka. Mtunzi kwa kawaida yuko ndani ya mabano chini ya jina la wimbo.

Kati ya hayo saba, jina la bendi ndilo lenye faida ndogo kuliko yote. Bendi huvunjika, hubadili jina, hukodishwa kumsindikiza mwimbaji mwingine. Mpangaji muziki na kampuni ndogo ndio wanaokupeleka mbali. Mpangaji aliyefanya wimbo mmoja mkali wa tarumbeta mwaka 1972 alifanya kumi zaidi kwa majina ya watu wengine. Na kampuni ndogo ilikuwa na studio moja, mhandisi mmoja na kundi moja la wapigaji. Ukiipenda santuri moja ya Albarika Store ya Benin, fungua katalogi nzima ya kampuni hiyo. Utakuta Orchestre Poly-Rythmo de Cotonou wamejificha nyuma ya waimbaji ambao hukuwa umewasikia.

Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, ndiyo hifadhidata kubwa ya kazi hii. Ipange katalogi ya kampuni kwa namba, si kwa umaarufu. Ukiona namba 12, 13, 15, 16, basi 14 ama haijaorodheshwa, ama haikutoka, ama imewekwa chini ya kampuni nyingine kwa makosa. Pengo hilo ndilo la kufukuzia. Kwa santuri ndogo za nyimbo mbili, 45cat mara nyingi huwa na zile ambazo Discogs haina. Ila kumbuka hifadhidata zote hizi hujazwa na watu wa kawaida: mwaka uliowekwa bila picha ya jalada wala ya kibandiko, ile karatasi ya katikati, uuchukulie kuwa makisio.

Tahajia nayo huwapoteza wengi. Fadoul wa Morocco, aliyeigeuza fanki ya James Brown kuwa ya Kiarabu, huandikwa kwa zaidi ya namna moja kwa herufi za Kilatini. Majina ya Kiamhari na Kithai ni mabaya zaidi kwa hilo. Dawa ni kutafuta kwa hati asilia: nenda kwenye ukurasa wa Wikipedia wa lugha hiyo, nakili jina lilivyo, libandike kwenye kisanduku cha utafutaji cha YouTube au soko la mtandaoni la nchi husika. Matokeo hubadilika kabisa, na bei pia, kwa sababu wauzaji wanaoandika kwa hati yao hawauzii watalii.

Jifunze pia kusoma jina la mdundo. Kampuni nyingi za Afrika, Karibi na Amerika Kusini zilichapa aina ya mdundo kwenye kibandiko, pembeni ya jina la wimbo. Kwenye santuri za Afrika ya Magharibi inayozungumza Kifaransa, neno «jerk» ni ishara njema: ndivyo walivyouita muziki wa soul na fanki. Neno «sato» kwenye santuri ya Benin linakuambia kuwa mdundo wa jadi umeingizwa kwenye magitaa ya umeme. Brazil ni «samba-soul» au «samba-rock». Upande wa pili wa santuri usiudharau hata kidogo. Bolero au wimbo wa mapenzi uliwekwa upande wa kwanza kwa ajili ya redio. Bendi ikapewa uhuru upande wa pili. Nyimbo zilizogawanywa sehemu ya 1 na ya 2 nazo zisikilizwe, maana ziligawanywa kwa kuwa wapigaji walikataa kuacha.

Neno fanki kwenye jina la wimbo ni ishara dhaifu. Baada ya 1975 lilitumika kama tangazo la biashara, na mara nyingi ndani yake mna disko ya hotelini. Kinyume chake, kazi yenyewe hasa yaweza kuvaa jina lisilovutia. Mwaka 1982 mpigaji wa studio za filamu za Bombay, Charanjit Singh, alirekodi raga kumi, yaani tuni za jadi za Kihindi, juu ya mdundo wa disko akitumia mashine za besi na ngoma za Roland, TB-303 na TR-808. Kazi hiyo ilipotolewa upya 2010 watu walisikia ndani yake sauti ya acid house, muziki wa dansi wa mashine, iliyotangulia ile ya Chicago kwa miaka kadhaa.

Tarehe zinazodanganya

Mwaka uliochapwa kwenye jalada si lazima uwe wa kalenda unayoijua. Ethiopia iko nyuma kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, kwa hiyo 1966 kwenye santuri ya Addis Ababa ni 1973 au 1974. Thailand hutumia kalenda ya Kibudha: ondoa 543, na 2518 inakuwa 1975. Japani huhesabu kwa utawala wa mfalme: Showa 50 ni 1975, kwa hiyo ongeza 1925. Iran, ongeza 621 kwa tarehe za kuanzia machipuko hadi Desemba, ili 1354 iwe 1975. Lakini kati ya 1976 na 1978 nchi hiyo ilitumia kalenda ya kifalme, na 2535 ni 1976. Kosa la kutojua haya limewafanya wauzaji kuandika miaka isiyowezekana, na wakati mwingine kuuza kitu cha thamani kwa bei ya takataka. Si kazi ya mnunuzi kuwasahihisha kabla hajalipa, wengine husema. Hilo kila mtu na dhamira yake.

Penye jalada lisilo na tarehe, tazama pete ya ndani ya santuri, ile sehemu laini kati ya muziki na kibandiko. Humo mna namba zilizochongwa kwa mkono au kugongwa kwa mashine: namba ya kazi, upande, na mara nyingi alama ya kiwanda. Santuri za Marekani zilizofyatuliwa na kiwanda cha Monarch cha Los Angeles zina pembetatu ndogo ikifuatiwa na namba, na kwa kuwa namba zilifuatana, unaweza kukadiria tarehe hata kama kampuni haikuandika chochote. Iinamishe santuri chini ya taa moja ya pembeni ili maandishi yatupe kivuli. Taa ya dari haionyeshi kitu.

Wimbo usio na jina

Umeusikia kwenye seti ya DJ na programu ya kutambua nyimbo inasema haijui. Kuna sababu mbili. Ama wimbo haumo kwenye hifadhidata yake, na hapo hakuna la kufanya upande huo, ama dijei ameuharakisha. Mashine ya Technics SL-1200MK2 ya 1979, ambayo ikawa kipimo cha kilabu zote, inaruhusu kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8, na programu hizi hushindwa pale sauti inapohama vya kutosha. Chukua kipande cha sekunde 30 kisicho na mwimbaji wala wimbo mwingine juu yake, kiingize kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kipunguze kasi kwa asilimia 2, jaribu; kisha 4, kisha 6. Tumia amri inayobadilisha kasi pamoja na kimo cha sauti, kwa sababu ndivyo santuri ilivyoharakishwa. Ile inayobadilisha kasi peke yake itakuharibia zaidi.

Ikishindikana, andika maneno machache ya kiitikio kama yanavyosikika na umtafute mzungumzaji wa lugha hiyo. Hata asipoujua wimbo, atakuambia ni lafudhi ya wapi, na hilo linapunguza utafutaji kutoka bara hadi mkoa. Angalia pia WhoSampled, tovuti inayoonyesha nyimbo zilizochota vipande vya nyimbo nyingine: wimbo wa hip hop uliochota kipande cha wimbo wako unaweza kuwa umekwisha kufanyiwa kazi ya upelelezi.

Kabla ya kutoa pesa

Bei kubwa haimaanishi muziki mzuri. Santuri ya 1965 ya Frank Wilson, mwimbaji wa soul wa Marekani, iliyoharibiwa karibu yote kabla haijatoka, iliuzwa pauni 25,742 mwaka 2009 na zaidi ya pauni 100,000 mwaka 2020. Wimbo huo huo unasikika bure ukitaka. Anayelipa hununua kitu, na hilo ni sawa, mradi ajue anachonunua.

Kwenye Discogs tazama bei ya kati ya mauzo yaliyokamilika, na idadi ya mauzo hayo. Bei ya kati inayotokana na mauzo mawili haina maana yoyote. Popsike huonyesha minada ya zamani, na hapo utaona mara nyingi kwamba bei ilipanda baada ya mkusanyiko fulani kutoka, ikashuka miaka miwili mitatu baadaye.

Madaraja ya ubora yanasomwa hivi: NM ni kama mpya, VG+ ina mikwaruzo midogo isiyosikika sana, VG inasikika kwenye sehemu tulivu, G ni mbovu ijapokuwa herufi inaahidi wema. Uliza kama muuzaji ameisikiliza au ameitazama tu. Kwa santuri ndogo za Marekani swali hilo ni la lazima, kwa sababu nyingi zilitengenezwa kwa staireni, plastiki ngumu, badala ya vinaili. Staireni hung'aa vizuri hata ikiwa imekwisha. Sindano nzito huikwangua mifereji na kuacha mlio wa kukauka, hasa sekunde za mwanzo ambapo madijei waliirudisha nyuma na mbele kutafuta pa kuanzia. Kwa jicho huwezi kuliona hilo.

Nakala za wizi zina dalili zake. Santuri inayodaiwa ni ya 1973 lakini ina msimbopau ni ya baadaye, kwa kuwa misimbopau ilienea kwenye majalada kuelekea miaka ya 1980. Picha ya jalada iliyopigwa kutoka jalada jingine hupoteza makali: herufi ndogo huwa na ukungu na vivuli huwa vyeusi tupu. Namba za pete ya ndani haziwiani na zile zilizopigwa picha na wenye nakala halisi. Na sauti yenyewe hutoa ushahidi. Fungua faili kwenye Audacity, chagua mwonekano wa spektrogramu, picha inayoonyesha sauti za chini hadi za juu. Ikiwa sauti za juu zimekatwa kama kwa kisu kwenye kilohezi 16, chanzo chake ni MP3 ya ubora mdogo au video ya mtandaoni. Usichanganye na kaseti ya zamani, ambayo nayo hukosa sauti za juu: ya kaseti hufifia taratibu, haikatwi kwenye mstari. Kipimo hiki kinafaa pia kwa faili za FLAC zinazouzwa kuwa za ubora wa juu.

Kutoa sauti kwenye mfereji

Santuri iliyokaa miaka 50 kwenye vumbi isichezwe kabla ya kuoshwa, maana sindano husaga uchafu ndani ya mfereji. Mchanganyiko wa kutosha ni mililita 800 za maji yaliyotoneshwa, mililita 200 za alkoholi ya isopropili, na tone moja la sabuni isiyo na manukato. Pitisha kitambaa laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikatishe, suuza kwa maji yaliyotoneshwa peke yake, simamisha ikauke. Kibandiko kisilowe. Alkoholi isiguse santuri za kale za sheliki, itaziyeyusha.

Ikisikika nyembamba, haina besi, na ya chini mno, umeiunganisha mashine moja kwa moja bila kikuza sauti cha santuri. Muziki huchongwa kwenye mfereji besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, na kikuza sauti hicho ndicho kinachorudisha uwiano. Kwa santuri za mono, yaani zenye chaneli moja ya sauti, unganisha chaneli mbili kuwa moja: kelele nyingi za mikwaruzo zinazotokana na sindano kupanda na kushuka hufutana, muziki ukabaki. Ni hatua ya sekunde moja inayofanya kazi kuliko kichujio chochote.

Rekodi kwa biti 24, kilele kisizidi desibeli −6, na uhifadhi faili ghafi kabla hujagusa kitu. Vichujio vya kelele vikizidishwa hula matoazi na kengele, vitu viwili ambavyo fanki haisimami bila yake, na kuacha mlio wa majimaji. Ondoa mlio mmoja mmoja wa mkwaruzo kwa mkono. Mvumo wa chini uache.

Kwa kaseti, kagua kwanza kijisponji kinachoikandamiza kanda kwenye kichwa, kwani gundi yake huchoka. Kisha rekebisha pembe ya kichwa kwa kusikiliza katika mono mpaka matoazi yang'ae zaidi. Kila kaseti ilirekodiwa kwenye mashine yenye pembe yake. Yenye ukungu mweupe usiicheze kabisa, kwani itachafua mashine na kuambukiza ukungu kaseti inayofuata. Kanda kubwa za studio za miaka ya 1970 na 1980 zinaponata na kupiga kelele, mara nyingi gundi yake imefyonza unyevu. Wataalamu huzikausha kwa nyuzi joto 54 hivi kwa saa nane au zaidi katika tanuri linalodhibitiwa, kisha huzinakili haraka. Hilo halihusu kaseti, na halifanywi kwenye jiko la nyumbani.

Nani analipwa

Rekodi moja ina haki mbili: ya mtunzi wa wimbo na ya mwenye rekodi. Mara nyingi si mtu mmoja. Mwenye rekodi aliyegharamia studio anaweza kuwa mfanyabiashara aliyekuwa akiuza vitambaa, na mwimbaji alilipwa mara moja akaondoka. Kwa hiyo toleo jipya linaweza kuwa halali kisheria na mwimbaji asipate kitu. Kampuni nzuri hulieleza hili bila kuulizwa. Habibi Funk hutangaza kwamba faida hugawanywa nusu kwa nusu na msanii au warithi wake; kwa Fadoul, aliyekwisha kufariki, kampuni ilibidi kwanza iitafute familia yake Casablanca.

Umri hauifanyi rekodi kuwa ya bure. Katika Umoja wa Ulaya ulinzi wa rekodi uliongezwa mwaka 2011 kutoka miaka 50 hadi 70, kwa hiyo santuri iliyotolewa Ufaransa 1972 inalindwa hadi mwisho wa 2042. Kabla ya kununua toleo jipya, soma nyuma ya jalada: tafuta mstari unaosema leseni imetoka kwa nani. Jina la mtu au familia ni dalili njema. Jina la kampuni usiyoipata popote, au mstari wenyewe kutokuwepo, ni sababu ya kuandika barua pepe na kuuliza.

Na ukipata santuri ambayo haimo kwenye hifadhidata yoyote, iorodheshe. Piga picha vibandiko vyote viwili na jalada pande mbili, nakili namba za pete ya ndani herufi kwa herufi pamoja na nafasi zilizoachwa, andika majina kama yalivyochapwa hata yakiwa na makosa ya tahajia, na mwaka uuache wazi kama haukuchapwa. Sauti usiipandishe mtandaoni mpaka ujue mwenye haki ni nani.